Hamira Haijui Tokeni

Miaka ishirini na miwili nilikaa karibu na mkate
nisiuguse.
Kule Lunga Lunga unga ulishuka kwa bomba,
maji kwa bomba,
donge likazaliwa ndani ya pipa la chuma
likapita mbele yangu juu ya mkanda
kama msafara wa mtu mkubwa:
unasimama kando, unapisha.
Kazi yangu ilikuwa kutazama taa.
Kijani, nyamaza. Nyekundu, piga kengele.
Glavu nyeupe, neti ya nywele, neti ya ndevu
ingawa ndevu sina.

Siku ya kuachishwa walinipa cheti na mikate minne.

Awino, kitinda mimba wangu, ndiye aliyeniletea hii:
mashine ya kukandia, kuukuu, ya samawati,
kaipata Ngara kwenye mnada wa hoteli iliyofilisika.
Ina mkono mmoja uliopinda
kama kidole kinachomwita mtoto.
Ukiiwasha inatembea.
Nimeifunga kwa kamba ya mbuzi kwenye mguu wa meza
na bado kila Jumamosi inataka kutoka Kayole.

Leo nimepima unga vikombe vinne,
chumvi, sukari ya kuonja,
maji ya uvuguvugu, yale ambayo mama huyapima kwa kiwiko
kabla ya kumwogesha kichanga.
Nikanyunyiza hamira, nikangoja.
Ikanyamaza. Nikamlaani muuza duka.
Kisha povu moja. Kisha jingine.
Kisha harufu ya busaa, harufu ya matanga ya babu,
nikacheka peke yangu jikoni kama mwizi.

Mashine ikaanza. Gru, gru, gru.
Donge likaung'ang'ania ule mkono,
likapigwa ukutani mwa bakuli, pa, pa,
na huko chini Mama Nduku akagonga dari kwa ufagio.
Halafu
friji kimya, redio kimya,
bakuli kimya.
Mita inasoma sifuri, nukta, sifuri sifuri.
Simu yangu nayo inasoma vivyo hivyo.

Zamani stima ikipotea tulikaa chini
tukanywa chai, tukamsikiliza fundi Mutiso
akiitukana jenereta ukoo mzima.
Lakini hamira haijui tokeni.
Ilikuwa imeshaanza safari yake mle ndani,
inakula, inapumua, haimngoji mtu.

Nikavua saa.
Nikanawa hadi kiwiko.

Mungu wangu, kumbe lina joto.
Kumbe linashika, halitaki kuachwa,
ukilisukuma kwa kiganja linarudi
kama mtu anayebishana nawe kwa upole.
Nikakunja, nikasukuma, nikageuza.
Mabega yakalalamika, kisha yakaona haya.

Nililifunika kwa leso ya marehemu mke wangu.
Maandishi yamefuliwa yakaisha,
limebaki USINI tu,
na sikumbuki kama ilikuwa usinione
au usinisahau.

Mama Nduku akapanda kuuliza mbona kelele zimekoma.
Akaona donge limevimba hadi limeinua leso.
Akarudi na jiko lake:
makaa chini, sufuria, makaa juu ya kifuniko.
"Ule wenu wa kiwanda," akasema akipuliza,
"ulikuwa sponji ya kuoshea vyombo."
Sikumjibu. Sikuwahi kuula ukiwa moto.

Ulitoka umeegemea upande mmoja, mweusi tumboni.
Hatukungoja upoe.

Saa moja jioni Awino akatuma tarakimu ishirini.
Nikazibonyeza moja moja.
Na ile mashine, ambayo sikukumbuka kuizima,
ikashtuka, ikaanza kukanda hewa kwa bidii zote,
ikiivuta kamba kuelekea mlangoni.
Mama Nduku akanitazama. Nikamtazama.
Midomo imejaa.
Tukaiacha itembee kidogo.